Mguu wa Papa Mulonda

Siku ya kuniaga, vijana wa hospitali walikata keki, wakanivisha kitenge kipya juu ya koti langu jeupe, kisha daktari mmoja mwenye ndevu changa akaniomba niwaandikie namna mwanamke aliyeanza kwa kuosha vidonda alivyoishia kushika kisu cha upasuaji. Alisema kuna wauguzi kati yenu wanaotamani kuomba nafasi ya kusomea udaktari, lakini wana watoto wakubwa nyumbani na wanaona haya. Basi ninawaandikia hao. Vyeo na mishahara nitaviruka, maana vyeo vinamchosha msomaji na mishahara inamtia mwandishi uchungu. Zaidi nitaandika juu ya mguu mmoja. Bila mguu huo nisingeomba, na kwa sababu ya mguu huo huo nusura niache.

Nilianza kazi katika chumba kikubwa cha wanaume waliopasuliwa, hapa Bukavu, kwenye kilima ambacho asubuhi nyingi ziwa halionekani kwa ukungu. Ukungu ule ulikuwa unaingia mpaka ndani kupitia madirisha yasiyo na vioo, unakaa katikati ya vitanda, na ilikubidi umfikie mgonjwa kabisa ili ujue ni nani. Aliyenipokea alikuwa mwuguzi mkuu, Maman Cito, mama wa kutoka Walungu, mfupi, mwenye mikono mikubwa kuliko ya mumewe. Alinikabidhi koleo lililonizidi umri na kigari cha kufungia vidonda chenye gurudumu moja linalolia. Alinifundisha kuchemsha vyombo, kukunja shashi bila kuigusa katikati, na kumtazama mtu usoni kabla ya kukitazama kidonda chake. Nilipotaka kutia gurudumu mafuta, alinikataza.

“Wacha ilie,” alisema. “Mugonjwa asikie unakuja. Hakuna mutu anapenda kushitushwa ku kidonda.”

Jambo jingine alilonifundisha siku zile za kwanza ni namna ya kusema. Mbele ya wagonjwa neno kufa halikutamkwa.

“Mu hii salle mutu hakufi,” aliniambia kuhusu wodi yetu huku ananawa. “Mwenye kupona anapata sortie, anarudi ku nyumba. Ule mwingine, anaenda. Umesikia? Unasema ‘alienda’, basi. Benye kulala hapa bana masikio.”

Nilisikia, na kwa miaka mingi nilisema hivyo, na niliwafundisha wanafunzi waje waseme hivyo. Asubuhi mtu anauliza kitanda cha dirishani kimekuwaje, unajibu alienda, na kazi inaendelea. Jirani wa kitanda kile anatazama ukuta, anajua, lakini hakuna aliyemwambia. Watu wa nje wanaona ni adabu ya ajabu. Ni adabu tu.

Mnajua pia kwamba kwetu kila mwenye koti jeupe ni “docta”. Mwuguzi ni docta, wa maabara ni docta, na nimewahi kuona mzee akimwomba mfagiaji ampime presha, naye mfagiaji akamwambia akae kwanza apumzike. Mimi neno hilo lilikuwa linaniwasha. Kila aliponiita mtu docta nilimrekebisha: mimi ni mwuguzi, mimi ni Maman Noella. Nilidhani huo ni unyenyekevu. Maman Cito alisema ni majivuno ya upande wa pili.

Papa Mulonda aliletwa nikiwa tayari nina watoto wakubwa na miwani ya kusomea. Alikuwa mchimba dhahabu wa Shabunda. Shimo lilimwangukia, mguu wa kulia ukachunika kutoka goti hadi kifundo, na alikaa nao hivyo msituni akipakwa majani mpaka wenzake walipopata nafasi katika kandege kadogo kalichokuwa kanaleta mizigo. Alifika bila mtu. Kwetu mgonjwa asiye na mtu wa kumlinda anakula kwa huruma ya kitanda cha jirani, na yeye alikula hivyo, samaki wadogo wa sambaza wa huyu na ugali wa yule, akiwabariki wote kwa sauti kubwa kama padri. Alisema ana binti mmoja huko, lakini simu yake ilifukiwa shimoni pamoja na namba zote.

Daktari wa upasuaji alitazama mguu ule akasema ukatwe. Wiki ile dawa ya usingizi ilikuwa imekwisha. Ikaja wiki nyingine, dawa bado. Mimi nikaendelea kuosha na kufunga, kuosha na kufunga, na chini kabisa ya uchafu ule ikaanza kuonekana nyama mpya, nyekundu, yenye chembechembe kama mbegu za matunda. Wala msinipe sifa. Kilichouokoa mguu wa Papa Mulonda ni ukosefu wa dawa, na nimewahi kuliandika hilo katika ripoti, likafutwa.

Alikuwa na desturi yake. Aliposikia gurudumu la kigari changu mlangoni, kabla sijafika, aliivuta blanketi mwenyewe na kuuacha mguu wazi. “Ingia, docta,” alisema. “Mulango iko wazi.” Alilivuta neno lile mwishoni, doctaa, kama mtu anayeita ng'ambo ya mto. Nilimwambia mimi si docta. Alikubali kwa kichwa, na kesho yake akaniita docta.

Siku moja, shashi ikiwa mkononi mwangu, aliuliza swali ambalo lilinibadilishia maisha.

“Docta, hii nyama inatoka wapi?”

“Nyama gani, papa?”

“Hii mupya. Kulikuwa shimo, mi nilionaka mufupa na macho yangu. Sasa shimo inajaa. Hii nyama ilikuwa wapi mbele ya kuja?”

Nilijua kuisafisha nyama ile, nilijua rangi yake njema na rangi yake mbaya, nilijua harufu ya kidonda kitakachopona. Lakini inatoka wapi, sikujua. Nilikuwa nimefunga vidonda ujana wangu wote bila kuuliza.

“Sijue, papa,” nikasema.

“Basi enda uulize benye banajua. Kisha urudi uniambie.” Akacheka, lakini hakuwa anatania. “Siku ile njo nitalala vizuri.”

Ndivyo nilivyoomba. Nimesoma barua za vijana wanaoomba siku hizi, zimejaa wito na ndoto za utotoni. Mimi nilikuwa na swali la mchimba dhahabu. Diploma yangu ya Serikali, ile ya kumaliza sekondari, niliitoa chini ya sanduku la nguo za ubatizo, imeliwa pembeni na wadudu. Nikapanga foleni ya cheti cha mwenendo mwema, nikapimwa afya na daktari ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kuchoma sindano. Mume wangu aliuliza, ikiwa elimu haina mwisho, jikoni kwake ataingia nani. Mwanangu wa kwanza, aliyekuwa anajiandikisha chuo hicho hicho nilichoomba, kusoma sheria, aliniomba tukikutana njiani nisimwite jina lake la nyumbani. Na karani wa fakulte, kitivo cha udaktari, alipokea karatasi zangu kwa upole mkubwa, akasema, “Maman, mutoto akuje yeye mwenyewe.”

“Mutoto ni miye,” nikamjibu.

Nilipotoka ofisini mwake ilikuwa asubuhi, jua limeshaanza kuula ukungu. Ukumbi mrefu ulikuwa mtupu, na mwisho wake kulikuwa na mlango wa kijivu uliofungwa kwa kufuli: chumba cha anatomia, ambako wanafunzi hujifunza juu ya miili ya wafu. Nilikuwa nimeshaupa mgongo. Nikasikia nyuma yangu, taratibu, neno likivutwa mwishoni: doctaa.

Niligeuka. Kufuli lilikuwa mahali pake.

Nilirudi kazini siku hiyo hiyo, na kwa kuwa nilitaka kucheka na mtu, nilimweleza Papa Mulonda kwamba masikio yangu yameanza kuzeeka, nimesikia sauti yake mahali asipo. Yeye hakucheka. Aliutazama mguu wake.

“Ulijibu?”

“Apana.”

“Siku ingine ujibu,” akasema. “Haiko vizuri kuita mutu, anyamaze.”

Niliomba likizo ili nijiandae kwa concours, mtihani wa kuingia. Kidonda kilikuwa kimefunga, limebaki kovu pana linalong'aa, na mzee alikuwa anatembea kwa fimbo kutoka kitanda hadi kitanda akilipa madeni ya ugali kwa hadithi. Kabla ya mtihani nilikutana na mwenzangu wa zamu katika soko la Kadutu, ana haraka, kikapu kichwani. Nikamwuliza habari za wodi.

“Ule papa wako ya mguu,” akaniambia, “alishaenda.”

“Kweli? Na hakuniaga!”

“Aa-a. Alienda tu, gafla.”

Nilifurahi, na ninataka mjue hivyo. Nilifurahi katikati ya soko, nikamwona moyoni mwangu amepanda kandege anarudi Shabunda kwa binti yake. Tulikuwa sokoni, si wodini. Hapakuwa na mgonjwa wa kusikia. Haikunijia akilini kwamba mwenzangu amezoea lugha yetu kiasi kwamba amesahau kuivua pamoja na koti. Nilinunua mchicha, nikaenda nyumbani kusoma kemia.

Mtihani wa maandishi niliupita kwa unywele mmoja. Baadaye tuliitwa mbele ya jopo. Aliyekaa katikati alikuwa Profesa wa anatomia, mwanamume mrefu mwenye sauti ndogo. Aliuliza swali kwa Kifaransa, kisha akalirudia kwa Kiswahili, kama vile umri umeshanifanya kiziwi.

“Maman, weye ulizoea kupenda bagonjwa. Kule kwangu bagonjwa habako. Kuko mwili tu. Utaweza?”

“Nitaweza, Profesa.”

“Benye kujibu vile njo banakimbiaka ba kwanza,” akasema, akaandika kitu. Wakanikubali. Mwaka wa kwanza kwetu ni chujio: wanaingia wengi, wanabaki wachache, na chujio lenyewe ni chumba cha anatomia. Asiyepita kule hapiti popote, na mtu wa umri wangu hapewi nafasi ya kurudia.

Tuliingia chumbani mara ya kwanza baada ya sikukuu ya Watakatifu Wote. Madirisha yalikuwa yamepakwa rangi nyeupe na kupigwa misumari, mwanga unaingia kama maziwa. Harufu ya dawa ilijaa chumba. Meza zilipangwa safu, kila moja na shuka yake, na nyuso zote zimefungwa kitambaa. Profesa alisimama mlangoni.

“Hapa hakuna jina,” alisema. “Kuko namba. Mutaheshimu, mutanyamaza, mutasoma.”

Kundi letu lilipewa meza ya ukutani, na kazi ya kwanza ilikuwa mguu wa kulia. Wenzangu, vijana wa umri wa mwanangu, walikuwa wanasukumana kwa woga na kujifanya wanacheka. Tayari walikuwa wamempa mtu wetu jina: Vieux, yaani Mzee. Mimi nilitangulia mbele, kwa sababu walinisukuma, na kwa sababu maiti si jambo geni kwangu. Nikaona kwamba miili yote chumbani imefunikwa hadi vidole. Wa kwetu tu, mguu ulikuwa nje ya shuka.

Kovu lilianza chini ya goti, jembamba, likapanuka juu ya mfupa wa mbele, likageuka kidogo pembeni pale ambapo plasta yangu ilikuwa inavuta ngozi kila siku nikimwomba radhi. Kucha ya kidole kidogo haikuwepo. Naujua mguu ule kuliko miguu ya watoto niliowazaa. Nilisimama pale na kisu mkononi, na neno la sokoni likanifikia kwa kuchelewa, na maana yake yote.

Alienda.

Nilitoka nje nikashika ukuta. Sikuzimia, lakini niliogopa kweli. Profesa alinifuata ukumbini. Nilidhani atasema alijua kwamba nitakimbia. Hakusema. Nilimweleza yote: mguu ni kazi ya mikono yangu, mtu anaitwa Mulonda, aliondoka bila kilio kwa sababu hakuna aliyejua pa kumtafuta binti yake, na hospitali ilimtoa kama mwili usio na mwenyewe.

“Una hakika?”

“Profesa, nilifunga ile kidonda kila siku.”

Alivua miwani, akaitazama bila kuifuta.

“Kama iko na jina, basi iko na batu,” akasema. “Utabatafuta weye. Mwisho ya mwaka tunazika, na yeye tutamuzika na jina yake. Sasa uchague: ubadilishe meza, ao ubakie. Hakuna mutu atakuuliza. Lakini kama unabakia, unakata sawa benzako. Sitaki mutu wa kusimama pale kama ku kilio.”

Alinipa mpaka kesho. Mchana ule nilimwendea Maman Cito, ambaye alikuwa amestaafu na anafuga kuku kule Panzi. Nilimwambia nitaacha shule. Mguu nilioufunga mpaka ukaponea kukatwa, siwezi kuukata mwenyewe. Nikabadilisha meza, nitakuwa nimemwachia watoto wanaomwita Vieux. Nikabaki, sijui nitakuwa nani.

“Uliza mwenyewe,” akasema, anarushia kuku mahindi.

“Mwenyewe nani? Alikufa, maman.”

Alisimama. Sijawahi kumwona amekasirika vile.

“Nilikufundisha kusema nini?”

“Alienda.”

“Sawa. Mwenye kufa harudi. Mwenye kwenda, anaweza kurudi.” Akageukia kuku wake. “Wazee benye walituachia ile neno, unawaza walikuwa banafichia bagonjwa tu?”

Kesho yake, saa za mchana wenzangu wakiwa kwenye maharage, nilimwomba mlinzi wa chumba cha anatomia anifungulie. Aliniruhusu, akabaki mlangoni anatazama nje. Shuka zilikuwa zimetandazwa vizuri. Ile ya meza yetu alikuwa ameikunja yeye mwenyewe chini ya visigino, aliniambia, maana jana aliikuta imeteleza. Niliiona imekunjwa. Nilikuwa mbali nayo, na kati yetu kulikuwa na kigari cha vyombo kimeziba njia. Nikakisukuma. Gurudumu likalia.

Sikuona shuka ikivutika. Niliinama kukiongoza kigari kati ya meza, na nilipoinua macho mguu wa Papa Mulonda ulikuwa wazi hadi goti. Mlinzi alikuwa mlangoni, mgongo kwetu, anaongea na mtu wa nje kuhusu mvua. Madirisha yalikuwa na misumari.

Nilitaka kukimbia. Mazoea ya kazi yakanizuia: nilikwenda kichwani kwanza, nikatazama mahali uso ulipofungwa kitambaa, kama nilivyofundishwa.

“Papa,” nikasema. “Nilirudi. Niliuliza.”

Nikamweleza. Nilimwambia, kama vitabu vya shule vilivyonijibu, kwamba nyama ile haitoki mbali. Inatoka pembezoni mwa shimo na chini yake, kwenye kile kilichobaki kizima. Mishipa midogo inachipua kama mizizi ya viazi, inaingia pale penye utupu, na nyuma yake zinakuja chembe za kujenga, moja inashika nyingine mpaka zinakutana katikati. “Ilikuwa mu mwili yako wakati yote,” nilimwambia. “Ilikuwa inangoja nafasi.” Sauti yangu ilirudi kutoka ukutani na nikaona aibu, mama mzima anasomesha maiti. Kisha nikamwomba ruhusa. Nilimwambia nitakachofanya, na wapi, na kwa nini, kama nilivyokuwa nikimwambia kabla ya kumwaga dawa inayochoma.

Hakuna sauti iliyojibu. Nasimulia kilichokuwepo. Lakini mguu ulikuwa wazi, na kwa mtu niliyemjua hilo lilikuwa jibu.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Alasiri ile nilikata wa kwanza, kandokando ya kovu langu mwenyewe. Nililia ndani ya barakoa huku nikiendelea kukata. Profesa alisimama nyuma yangu muda mrefu, kisha akaenda meza nyingine.

Kuanzia siku hiyo hatukuikuta shuka ile mahali pake. Mlinzi aliikunja jioni, asubuhi iko kando. Wenzangu walisema upepo. Mmoja wao, mtoto wa mwalimu, alikagua madirisha, akakuta misumari yote mahali pake, na kuanzia hapo alipoingia alisema, “Bonjour, Papa Mulonda,” kwanza kwa woga, baadaye kwa mazoea. Wengine wakamfuata. Walikuwa wanaharakisha kujifunza, mimi nilichelewa. Majina ya Kilatini yalinitoka kichwani kama maji kwenye kikapu, na katika mtihani niliutaja mshipa wa fahamu mahali penye mshipa wa damu. Nilipita mwaka kwa “satisfaction”, ambayo ni alama ya kusema umepita, usirudi kutusumbua. “Distinction” ni ya wenye vichwa. Lakini nilipita.

Mwaka mzima nilikuwa nimetuma ujumbe Shabunda: kwa wanunuzi wa dhahabu, kwa padri mmoja, kwa mtu yeyote aliyepanda kandege. Binti wa Mulonda, yule mchimba dhahabu wa kule, aje kabla ya mvua kurudi. Sikupata jibu. Tulimzika wakati wa kiangazi, mavumbi mekundu yakipanda hadi magotini. Wanafunzi walikuwa wamechanga sanduku. Profesa alilisoma jina kwa sauti yake ndogo, na tulikuwa tumeshaanza kuimba aliposhuka mwanamke kwenye pikipiki, amejaa vumbi hadi kope, akatembea moja kwa moja mpaka penye shimo. Aliitwa Vumilia. Alikuwa na kidevu cha baba yake.

Alilia sana, nasi tulilia naye, hata wale vijana. Baadaye, wengine wakiwa wanashuka kilima, alinijia pale nilipokaa.

“Banasema weye njo docta wake.”

Nilikuwa tayari kumrekebisha, kwa sababu nilikuwa nimemaliza mwaka wa kwanza tu. Sikufanya hivyo. “Njo miye,” nikasema.

“Alienda lini, maman? Kule banatuambia mambo tofauti.”

Nilimwambia ukweli, polepole. Alifariki mwaka uliopita, kabla masomo hayajafunguliwa. Nilikuwa natafuta namna ya kumweleza alikuwa wapi tangu hapo, nikaona anatikisa kichwa.

“Apana, maman. Siyo mwaka jana. Ku Pasaka alinipigia simu.”

“Pasaka gani?”

“Hii yenye ilipita. Nilipanda ku kilima juu ya kutafuta rezo ya simu, ikalia, haikuonyesha namba. Ilikuwa yeye. Mi nitashindwa kujua sauti ya papa?” Alikuwa anatabasamu katikati ya machozi. “Nikamuuliza, papa, uko wapi, siku zote hizi? Akasema, niko ku université, mwanangu. Tunasoma na docta. Nikacheka sana. Nikamwambia, papa, weye, na ile miaka yako? Akasema, na yeye naye ni muzee, tunasaidiana tu.”

Profesa alikuwa amesimama karibu, koleo la mchanga mkononi. Alisikia. Akaliweka koleo chini, akaondoka bila kutuaga.

Mimi nilikaa. Jua lilikuwa kali na mwili wangu ulikuwa baridi mpaka kwenye vidole. Pasaka sisi tulikuwa tumefika kifundo cha mguu wake. Vumilia alinishika mkono, akauangalia, akaugeuza kiganja juu kama anayetafuta kitu alichosimuliwa.

“Ile masomo yake, maman,” akaniuliza. “Alimaliza?”

“Alimaliza,” nikamwambia. “Alipita na distinction.”